Mpira wa Jioni Kwenye Nyanda za Juu

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaokaa Dar es Salaam tunaifahamu Nyanda za Juu Kusini kwa njia ya sokoni. Mchele wa Mbeya tunaula, viazi vya Njombe tunavimenya, mbao za Mafinga ndizo zilizobeba mapaa ya nyumba zetu, na nyanya za Ilula huingia mjini alfajiri zikiwa kwenye matenga. Kandanda la huko tunalisikia siku Simba au Yanga inapopanda kwenda kucheza Uwanja wa Sokoine, na aghalabu tunalisikia kwa hofu. Safari hii nakuomba tuandamane kwenda kutazama mpira ambao redio haiutangazi: mpira wa vijana wa kiume wa vyuo vikuu vya Iringa na Mbeya, wakati vyuo hivyo vinapojiandaa kwa msimu wao mpya.

Nasema msimu, lakini usidhani ni msimu kama wa ligi. Vyuo vikuu vyetu hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Mvua za nyanda hizo huanza Novemba au mwanzoni mwa Desemba, na zikishaanza huendelea hadi Aprili. Kule Rungwe hata Mei haijazichosha. Kati ya kufunguliwa kwa vyuo na kufunguka kwa mbingu kuna majuma machache tu, na katika majuma hayo timu nzima yapaswa kuundwa upya. Wale waliokuwa nguzo za timu mwaka uliopita wamekwisha vaa majoho na kwenda zao, kwani shahada nyingi ni za miaka mitatu, na za uhandisi ni minne. Mwalimu wa timu ya chuo hana dirisha la usajili. Anabandika tangazo kwenye ubao, anaweka mpira katikati ya uwanja saa kumi jioni, na kusubiri kuona nani atakuja.

Tuanze safari. Basi huondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kabla ya jua. Utapita Morogoro, kisha Mikumi ambako tembo na pundamilia huonekana kando ya barabara bila kulipiwa kiingilio, halafu bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni na joto lake. Vua koti hapo, maana hutapata nafasi nyingine. Mbele kuna Mlima Kitonga, ambako malori ya Zambia na Kongo hupanda kwa kunyata, moja nyuma ya jingine, na abiria wageni hufumba macho kwenye kona. Ukifika juu, hewa ni nyingine kabisa.

Hewa hiyo ni sehemu ya habari yetu. Mji wa Iringa uko mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mita zipatazo 1,700. Katika kimo hicho kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pumzi ya Kariakoo. Basi mshabiki anaponung'unika kwamba timu yake imerogwa huko Mbeya kwa sababu wachezaji walikuwa hoi mnamo dakika ya sitini, mwambie si hirizi, ni mlima. Mpira wenyewe nao hubadili tabia. Hewa nyepesi haiuzuii sana, hivyo shuti la mbali hufika upesi kuliko golikipa wa pwani anavyotarajia, na krosi iliyopigwa kwa kipimo cha Tanga huishia nyuma ya goli. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka Mtwara au Bagamoyo anahitaji majuma mawili matatu mwili wake uzoee, na majuma hayo ndiyo yale yale machache niliyoyataja.

Iringa imekaa juu ya ukingo wa mlima, na barabara kuu inapita chini bondeni, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Ukitoka bondeni kupanda mjini utaelewa kwa nini Wahehe hawakuwa watu rahisi kushindwa. Agosti 1891, pale Lugalo, mashujaa wa Mtwa Mkwawa waliwaangamiza askari wa Kijerumani waliokuwa wakiongozwa na Emil von Zelewski, na vita haikuisha hadi Mkwawa alipojitoa uhai mwaka 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na limehifadhiwa Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini. Wapeleke watoto.

Jina la mtemi huyo ndilo lililopewa chuo cha kwanza nitakachokuonyesha. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 2005, kiko mahali palipojengwa shule ya watoto wa Kizungu mwishoni mwa ukoloni. Baada ya Uhuru ikawa Shule ya Sekondari ya Mkwawa, na wazee wengi walio maofisini leo walipitia kidato cha tano na cha sita hapo. Kazi yake ya leo ni kuwafunza walimu wa sekondari. Kwa jambo la mpira, hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mchezaji wa Mkwawa akimaliza masomo haendi kuwa nyota. Anakwenda Tandahimba, Kasulu au Karatu kufundisha hisabati au jiografia, na jioni yake ya kwanza shuleni mkuu wa shule humwuliza kama anaweza kushika timu ya UMISSETA. Akikubali, yale aliyojifunza kwenye nyasi za Iringa, namna ya kupasha mwili moto, namna ya kupanga mabeki wanne, namna ya kumwambia kijana kwa upole kwamba leo atakaa benchi, yanafika kwa watoto ambao hawataiona Iringa maishani mwao.

Kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA ilisimamishwa, kwa hoja kwamba inawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Sitaki kuurudia ubishi ule wote. Lakini kizazi kilichokosa mashindano ya shule kiliingia vyuoni kikiwa kimejifunzia mpira mtaani tu, na mpira wa mtaani, pamoja na utamu wake, haumfundishi mtu kucheza dakika tisini chini ya mwamuzi. Ni chuo ndicho kilichowapa wengi wao jezi yenye namba kwa mara ya kwanza. Michezo ya shule imerudi, tushukuru. Hata hivyo shule nyingi bado zinamtegemea mwalimu mmoja anayependa mpira, na mwalimu huyo lazima atoke mahali.

Mkwawa haiko peke yake. Upande wa Kihesa kuna Chuo Kikuu cha Iringa, kilichoanzishwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika miaka ya 1990, na mjini kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, ambacho kilianza mwaka 2005 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agostino. Vyuo vitatu katika mji ambao bajaji moja yaweza kuuzunguka kwa mchana mmoja! Hii ni bahati ambayo vyuo vya Dar es Salaam, vilivyotenganishwa na foleni, havinayo. Timu moja inaweza kutembea kwa miguu kwenda kucheza mechi ya kirafiki na nyingine, ikafungwa, na kurudi kwa miguu ikijadiliana njia nzima ni nani aliyemwacha winga yule peke yake.

Uwanja mkubwa wa mji ni Samora, uliopewa jina la Rais Samora Machel wa Msumbiji. Hapo Lipuli ilionja utamu na uchungu. Ilirudi Ligi Kuu mwaka 2017, na Mei 2019 iliitoa Yanga hapo hapo Samora kwa mabao 2-0 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Fainali ikachezwa Uwanja wa Ilulu, Lindi, na Azam ikashinda 1-0. Mwaka uliofuata Lipuli ikashuka daraja, na mashabiki wa Iringa wakabaki na picha.

Sasa ngoja nikueleze kwa nini nakupitisha kwenye vyuo wakati viwanja vikubwa vipo. Wenzangu wa rika la wazee wetu watakumbuka kwamba zamani mpira wetu wote ulikuwa mpira wa jioni. Mchezaji alikuwa mfanyakazi: karani wa bandari, fundi wa reli, askari, mtumishi wa shirika la umma. Alitoka kazini saa tisa na nusu, akapanda basi la UDA, akafika mazoezini. Katika utaratibu ule mwanafunzi naye alikuwa na nafasi, kwa kuwa mhadhara wake uliisha karibu na saa ambayo mwenzake alifungiwa ofisi. Mfano wake mkubwa ni Leodegar Tenga. Alisomea uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa beki wa Pan African, na ndiye aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars mwaka 1980 ilipokwenda Lagos kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Stars ilifungwa na Nigeria na Misri, ikatoka sare 1-1 na Ivory Coast, na taifa likasubiri miaka 39 kurudi huko, hadi mwaka 2019. Tenga baadaye aliliongoza Shirikisho la Soka, TFF, kuanzia mwishoni mwa 2004 hadi 2013. Brazil nao walikuwa na Sócrates, nahodha wao wa Kombe la Dunia la 1982, aliyesomea udaktari huku akiichezea Botafogo ya Ribeirão Preto, na hakuhamia klabu kubwa ya Corinthians mpaka alipokuwa amemaliza masomo yake.

Leo mlango huo umekaribia kufungwa, na hakuna mtu mbaya wa kumlaumu. Ligi Kuu imekuwa ajira. Klabu hufanya mazoezi asubuhi, huingia kambini, husafiri Bukoba leo na Mtwara juma lijalo, na humlipa mchezaji mshahara ili mwili wake uwe wa klabu kutwa kucha. Ni jambo jema kwa mchezaji. Wazee wengi waliotuburudisha walizeeka bila kitu. Lakini kijana wa miaka ishirini mwenye miguu na akili vyote viwili sasa analazimika kuchagua kimoja, na anachagua akiwa hajui bado kipi kitamlisha. Akienda klabu, jeraha moja la goti laweza kummaliza akiwa na cheti cha kidato cha sita tu. Akibaki chuoni, mpira wake utatazamwa na wenzake walioketi kwenye majani, na mawakala wa wachezaji hawapiti huko.

Tuendelee na safari. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni kilomita zipatazo 330. Utapita misitu ya misonobari ya Sao Hill karibu na Mafinga, iliyopandwa kwa mistari kama gwaride, na hapo baridi itakukumbusha sweta. Makambako utakutana na reli ya TAZARA na njia panda ya Njombe na Songea. Kisha nchi inateremka kuelekea bonde la Usangu, na pembeni ya barabara mashamba ya mpunga ya Mbarali yanaanza.

Huko Mbarali, mahali paitwapo Ubaruku, kulikuwa na timu iitwayo Ihefu. Novemba 29, 2022 iliifunga Yanga 2-1 na kukata mlolongo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga ilikuwa haijafungwa. Wakulima wa mpunga walicheza ngoma. Haikupita miaka miwili timu ikahamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Wenye mali wana haki yao, lakini mtoto wa Ubaruku aliyepanda juu ya mti kuona bao lile hana tena timu ya kupandia mti.

Nyanda hizi zimeyaona hayo mara nyingi. Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Mji mdogo wa chai na ndizi, chini ya Mlima Rungwe, uliwatangulia Simba na Yanga! Ubingwa huo haujarudi tena Tukuyu. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji iliyoundwa mwaka 2011, ilipanda na kumaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, chini ya mwalimu Juma Mwambusi, nyuma ya Azam na Yanga na mbele ya Simba. Mwaka 2023 ikashuka, na 2025 ikapanda tena. Mbeya Kwanza ilikaa Ligi Kuu msimu mmoja tu. Prisons ya Jeshi la Magereza ndiyo imekuwa na mizizi mirefu kidogo, yumkini kwa sababu nyuma yake kuna taasisi isiyohama.

Chuo nacho hakihami. Hili ndilo lililonifanya nivikazie macho vyuo vya Mbeya. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko Iyunga, nje kidogo ya kitovu cha jiji. Kilianza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi, mwaka ule ule wa ubingwa wa Tukuyu, na kikawa chuo kikuu mwaka 2012. Kipo Teofilo Kisanji cha Kanisa la Moravian, na ipo kampasi ya Mzumbe. Fedha ya mfadhili ikikauka, vijana watakuwapo. Mwalimu akiondoka, tangazo litabandikwa tena. Timu hizi hazina ubingwa wa kujivunia mbele ya taifa zima, lakini mwakani zitacheza, na mwaka wa keshokutwa zitacheza, na sijui klabu ngapi za mikoa yetu zinazoweza kusema hivyo bila kukohoa.

Usidhani maisha yao ni mepesi. Viatu vya njumu wengi huvipata kwenye mitumba, na Mwanjelwa ndiyo soko lake. Jozi nzuri hugombewa, na aliyevaa namba 45 hutembea soko zima. Posho ya Bodi ya Mikopo, ambayo wanafunzi huiita bumu, imepangiwa chakula na malazi, haikupangiwa soksi za mpira, na wako wasio na mkopo kabisa. Uwanja ukinyeshewa siku tatu, udongo wa Mbeya hushika kiatu kama ugali unavyoshika mwiko. Na juu ya yote kuna ratiba ya masomo. Katika vyuo vingi majaribio na kazi za muhula hubeba alama 40 katika 100, kwa hiyo mchezaji aliyesafiri na timu akakosa jaribio hurudi akiwa amekwisha fungwa huko darasani. Bima ya afya anayo, lakini bima haimfanyii mtu mtihani wa marudio.

Mashindano ya vyuo yana ngazi zake. Kwanza vitivo hushindana ndani ya chuo, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupimwa huko. Kisha timu ya chuo huchaguliwa. Halafu kuna michezo ya taifa ya vyuo vikuu chini ya TUSA, na wenye bahati huteuliwa kwenda michezo ya vyuo vya Afrika Mashariki. Ngazi ya juu hutegemea fedha ya nauli ya mwaka huo. Ya chini haitegemei kitu, na mimi kwa ladha yangu naipenda hiyo zaidi. Mechi ya wahandisi wa ujenzi dhidi ya wahandisi wa umeme ina kelele ambazo hutazisikia kwenye jukwaa la watu waliolipa.

Ninachokitamani ni kidogo. Klabu za Mbeya na Iringa ziwatume watu wao kutazama mechi hizi mara moja moja, si lazima kusajili. Mhitimu wa ualimu aliyecheza miaka mitatu aweza kufunza vijana wa klabu. Mhandisi aweza kuwaeleza namna ya kutoa maji uwanjani. Na vyuo, kwa upande wao, viweke ratiba ya majaribio ambayo haiwaadhibu waliovaa jezi ya chuo. Nchini Marekani vyuo humlipia mchezaji masomo ili acheze. Sisi hatuna uwezo huo, lakini kumpangia kijana siku nyingine ya jaribio hakugharimu shilingi.

Ukienda, ndugu msomaji, nenda mapema, kabla barabara za vumbi hazijawa tope. Iringa ukiamkiwa "Kamwene" nawe itikia, na ulanzi waachie wenyeji hadi uizoee hewa. Mbeya pandisha macho uone Loleza juu ya mji, kisha nunua parachichi za Rungwe, maana njiani bei itapanda. Mchukulie kila mtoto sweta, kwa sababu jua la huko ni la kukudanganya. Likishuka tu, baridi hutoka ardhini. Mechi huanza saa kumi, kiingilio hakuna, na taa pia hakuna, hivyo dakika za mwisho huchezwa kwa kukisia. Simama karibu na goli la upande wa mabweni, ndiko waliko wenye utani. Na ukimwona kijana anatoka uwanjani mbio kabla ya filimbi ya mwisho, jezi bado mgongoni na viatu mkononi, usimzomee. Ana jaribio saa moja usiku.